Mtu wa Kuchana Karatasi

Mwanamke yule hakubisha hodi mara ya pili. Alibisha mara moja, akasukuma mlango, akaingia na viatu vyake vya vumbi mpaka katikati ya sebule, akasimama hapo akimtazama Kipaza kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua.

Kipaza alikuwa mbele ya kioo, amevaa suruali ya suti na fulana ya ndani, anajizoeza kucheka. Kucheka kulikuwa nusu ya kazi yake. Washereheshaji walikuwa wengi mjini, lakini ukitaka harusi yako isimuliwe mwaka mzima ulimtafuta yeye. Wenzake walipanda jukwaani na vikadi vyao, wakainamisha vichwa, wakasoma majina ya mashangazi kama karani anayeita wagonjwa dirishani. Kipaza aliwadharau mpaka kwenye unyayo. Yeye alifika ukumbini mapema, akamtafuta shangazi mmoja anayejua mambo ya watu, wakazunguka naye meza baada ya meza huku shangazi akimnong'oneza nani ni nani na nani hasemeshani na nani. Yote yaliingia kichwani yakakaa humo, hakuna lililodondoka. Na mtu akithubutu kumpelekea kikaratasi jukwaani, Kipaza alikipokea kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akakiinua watu wakione, akakitupia jicho, kisha akakichana vipande vipande na kuvirusha hewani.

“Mimi sisomi!” angesema. “Mimi nasema!”

Ukumbi ungelipuka kwa vigelegele. Ilifika mahali watu wakawa wanampelekea karatasi tupu makusudi. “Chana! Chana!” wangeimba, huku wakipiga meza kwa vijiko, na yeye angechana.

“Karibu, dada,” alimwambia mgeni, akivuta shati lake kwenye kiti. “Kama unauza kitu, mke wangu hayupo.” Alisema hivyo ingawa sufuria zilikuwa zinagongana jikoni.

“Siuzi kitu. Nimekuja kukutazama usoni.”

“Tazama basi. Wengine hulipia.”

Mgeni hakucheka. “Ukumbi ule wa mapazia mekundu, harusi ya binti wa kaka yangu. Nilikuletea karatasi.”

“Naletewa nyingi.”

“Ile iliandikwa na mama yangu. Alikuwa kitandani, hakuweza kuja, akamwandikia mjukuu wake maneno mawili matatu. Kwa mama yangu kuandika ni kama kupasua kuni. Anatoka jasho. Ukaichana, ukammwagia bi harusi kichwani, naye akacheka kwa sababu hakujua anachekea nini. Niliporudi nyumbani mama akaniuliza, ‘Ilisomwa?’ Nikamwambia ilisomwa vizuri sana. Umenifanya mwongo mbele ya mama yangu.”

Kipaza akafungua ile sauti yake ya asali. “Pole sana, dada yangu. Unajua jukwaani mambo ni moto. Ningejua...”

“Ungejua kama ungeisoma.”

“Sisomi jukwaani. Ndiyo staili yangu, kila mtu anajua.”

“Hapana. Huwezi kusoma.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka. Jikoni sufuria zikanyamaza.

“Nilikuwa nimesimama karibu yako,” mgeni akaendelea. “Mtu akisoma, macho yake yanatembea. Yako yalisimama katikati ya karatasi kama gari lililokwama kwenye tope. Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto ambao herufi zinawatoroka, macho kama hayo nayajua. Tofauti ni kwamba wao wana miaka minane, na hawadhalilishi bibi za watu ili wajifiche.”

“Mimi nimemaliza shule!”

“Wengi wanamaliza. Wanakaa nyuma, wanachekesha, wanamaliza.”

“Toka nyumbani kwangu.”

“Natoka. Lakini mdogo wake bi harusi naye anaolewa, ukumbi uleule, na ukweni wamekung'ang'ania wewe kwa sababu ya huo upuuzi wako wa kuchana. Safari hii mama analetwa. Atakaa mbele. Anaandika tena. Nataka uniahidi utaisoma.”

“Nitaisema vizuri kuliko alivyoiandika.”

“Nani kakuomba useme? Anataka aione karatasi yake ikisomwa. Maneno yake, kama alivyoyapanga yeye.”

Kipaza alitaka mlango ufungwe, basi. Angeahidi hata kuhamisha mlima. “Haya, nitaisoma. Naahidi. Umefurahi? Kwaheri.”

“Mimi sina shida na ahadi yako,” mwalimu alisema akigeuka. “Anayeihitaji atakuwa mstari wa mbele.” Akaondoka, mlango akauacha wazi.

Mke wa Kipaza akatoka jikoni, mikono ina povu. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, na kwa miaka yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyesoma kila kitu ndani ya nyumba ile: ujumbe wa simu, ripoti za shule za watoto, maelezo ya chupa za dawa. “Hebu soma hiyo, mama,” Kipaza angesema, miguu juu ya kochi, akimnyooshea kwa mkono mmoja bila kugeuka. Mkewe alisoma, na moyoni akamwita Bwana Mkubwa. Kazini kwake wenzake walimjua shemeji yao kwa jina hilo tu. “Bwana Mkubwa kaamkaje leo, kasomewa gazeti?” Wakacheka, naye akacheka nao, bila furaha.

“Ni kweli?” aliuliza.

“Mwanamke ana wazimu.”

“Sijakuuliza habari za wazimu wake.”

Kipaza alikuwa anahangaika na vifungo vya shati. Alivikosea, akavifungua, akaanza upya.

“Ule mwaka mtoto alipopata homa mimi nikiwa msibani,” mkewe alisema polepole, “dawa ilikuwa mezani, na wewe ukasubiri mpaka jioni nilipopiga simu ndipo ukampa. Nikakutukana. Nikasema una roho ya jiwe, mtoto anaungua na wewe umekaa, unashindwa hata kusoma chupa.”

“Nakumbuka.”

“Ukanyamaza.”

“Ulitaka niseme nini?”

“Kwamba hujui imeandikwa nini!”

“Afadhali uniite katili,” alisema Kipaza. “Katili bado ni mtu.”

Mkewe akafuta povu kwenye nguo yake. Alikuwa amemdharau mume huyu kwa uvivu, kwa majivuno, kwa miguu yake juu ya kochi, na sasa ilikuwa kama ameambiwa kwamba miaka yote hii alikuwa akimkasirikia mtu wa nyumba ya jirani. “Utaenda kumwona yule mwalimu,” alisema. “Usipoenda, kuanzia leo ujumbe wako utausoma mwenyewe.”

Akaenda, kwa mwendo wa mtu anayepelekwa polisi. Darasa lilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa shule, na viti vyake vilitengenezwa kwa watoto, kwa hiyo mtu mzima mwenye suti ya kung'aa alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Mwalimu alimpa maneno ya kusoma, mengine ya kweli na mengine ya kubuni. Alimpa sentensi ya kuandika. Kipaza akaibana kalamu mpaka vidole vikabadilika rangi. Herufi zake zilianza kwenye mstari, zikapanda, zikagongana, nyingine ikawa kubwa kama dubwana na jirani yake ndogo kama kiroboto. Alipomaliza mkono ulimuuma mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu hakucheka, na hilo lilimuudhi zaidi. Kicheko angejua la kukifanyia.

“Ya kusoma inaitwa disleksia,” mwalimu alisema baada ya kurudiarudia majaribio yake. “Ya mkono inaitwa disgrafia. Unazo zote mbili, na umezaliwa nazo.”

“Majina kama dawa ya minyoo.”

“Si ugonjwa. Ni namna kichwa chako kinavyoshughulika na herufi. Akili yako haina hitilafu yoyote. Kiburi chako nacho naona kina afya njema.”

“Na hii kitu imeanza kujulikana lini?”

“Kabla hujazaliwa.”

Kipaza akakitazama kile kiti kidogo alichokalia. Alikuwa anamkumbuka mwalimu wake wa darasa la tatu, mtu wa mashati meupe na kalamu tatu mfukoni, aliyempa jina la Gogo. Kila Ijumaa Gogo alipandishwa juu ya dawati asome kwa sauti, darasa lipate la kuchekea kabla ya kwenda nyumbani. Siku moja, akiwa huko juu na kitabu mkononi, Gogo akakifunga na kuanza kumwiga mwalimu mkuu anavyotembea. Darasa lilianguka chini. Hapo ndipo alipogundua kwamba kama watu watacheka tu, heri yeye awachagulie cha kuchekea. Tangu siku hiyo hakushuka kwenye lile dawati. Lilirefuka tu, likawa jukwaa.

“Kalamu tatu,” alisema. “Mtu ana kalamu tatu mfukoni na hajui kitu kilichojulikana kabla sijazaliwa. Na mimi ndiye niliyeitwa gogo.”

“Mdharau basi,” mwalimu alisema. “Ana haki ya kudharauliwa. Ila usimtumie kama kisingizio kwangu. Kesho saa kumi.”

Akakata kadi kutoka kwenye boksi la biskuti, akatoboa katikati dirisha jembamba la kutosha mstari mmoja. Ukiliweka juu ya karatasi, mistari mingine inafichika, vurugu ya herufi inapungua. Kipaza alilichukia dirisha lile. Alisoma kwalo kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi gizani: anaipita, anarudi, anaipata, anashtuka. Vitabu vilikuwa vya sungura na mpira. Mtu aliyeongoza harusi za mabwanyenye akasoma kwamba mpira ni mwekundu, na ikamchukua muda. Lakini alirudi saa kumi, na kesho yake tena.

Msifikirie kwamba alibadilika. Juma la harusi, Kipaza aliomba karatasi ya bibi mapema, bi harusi akamtumia mke wa Kipaza picha yake kwa simu, na Kipaza akamkalisha mkewe jikoni amsomee. Ilikuwa fupi. Babu alikuwa malaika, hakuwahi kupandisha sauti, mpendane kama sisi. Ikasomwa mara tatu tu, ikawa yote kichwani.

“Uliahidi kusoma,” mkewe alisema.

“Nitaishika karatasi mkononi. Macho nitayatembeza.” Na kweli alikwenda mbele ya kioo akajizoeza kuyatembeza macho, kushoto kwenda kulia, akirudi mwanzo wa mstari kwa heshima kama mtu msomi. Mkewe alisimama mlangoni akitazama.

“Unajua nilikuwa nimeanza kukuheshimu?” alisema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Mchana wa harusi ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mwenye ukumbi, mwanamume mnene wa manukato makali, alimshika Kipaza begani kwenye korido. Alikuwa amejenga ukumbi mwingine, mkubwa maradufu, na alitaka mshereheshaji mmoja wa kudumu. Wabia wake walikuwa meza ya pembeni.

“Leo wanakuangalia wewe tu, kaka. Wape ile ya karatasi. Wakicheka, tunasaini hapohapo.”

“Wewe kaa mkao wa kula,” Kipaza alimwambia.

Na aliwapa. Aliingiza maharusi, akataniana na wakwe, akamfanya mjomba mkali wa upande wa bwana harusi acheze mpaka koti likamchanika. Kisha ikafika zamu ya bibi. Alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha magurudumu, kibibi kidogo chenye sweta, uso umekunjamana kwa kutoridhika na kila kitu alichokiona. Mwanawe, mwalimu, alisimama nyuma ya kiti. Bi harusi alikuwa ameshuka jukwaani, amekaa pembeni yao.

Kipaza akateremka ngazi na maiki yake. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Ndiwe yule wa kuchana karatasi?”

“Leo sichani, bibi.”

“Tutaona.” Akatoa karatasi kwenye mkono wa sweta, imekunjwa mara nne. Akamvuta tai mpaka sikio lake likafika chini. “Ile aliyoipiga picha mjukuu niliitupa. Ilikuwa ya uongo mtupu. Nilisema babu yao ni malaika. Malaika gani yule! Nimeandika nyingine leo asubuhi.”

Kumbe Kipaza alikuwa amekariri karatasi nyingine. Akapanda jukwaani, akaikunjua karatasi. Ukumbi ulipoiona ukaamka.

“Chana! Chana! Chana!”

Vijiko vikagonga meza. Mwenye ukumbi alikuwa amesimama, anawaonyesha wabia wake: mnaona, mnaona? Kipaza akatazama karatasi. Kila herufi iliegemea upande wake. Maneno yalianza kwenye mstari, yakapanda, yakagongana; kubwa kama dubwana, ndogo kama kiroboto. Mwandiko ule aliufahamu. Wa kwake ulikuwa hivyohivyo.

Angeweza kuchana. Angeweza pia kuwapa yule malaika aliyemkariri jikoni, macho yakitembea kama alivyoyafundisha, na katika watu wote wale ni mmoja tu angejua kwamba siyo yaliyoandikwa humo. Akamtazama huyo mmoja. Bibi hakuwa anatazama uso wake wala mdomo wake. Alikuwa anayatazama macho yake, kwa dharau ya mtu anayejua kitakachofuata kwa sababu amekiona maisha yake yote.

Kipaza akatia mkono kwenye koti, akatoa kipande cha boksi la biskuti, akakiweka juu ya karatasi.

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni kituko kipya.

“Mju... kuu wangu,” alisema kwenye maiki. “Ba-bu. Babu yako. Ali... alikuwa.”

Walizidi kucheka, wakidhani anamwiga bibi au mtoto wa chekechea. Mtu mmoja akapiga mluzi. Kipaza akasogeza dirisha. Jasho lilimtiririka kwenye kola. “A-na-ko. Anako... ro... ma. Anakoroma.” Hapo waliangua kicheko kikubwa kuliko vyote, nacho kikaisha, wakasubiri aendelee kwa kasi yake ya kawaida. Hakuendelea. Alikuwa amekwama kwenye neno linalofuata, midomo inacheza, na kimya kikaanza kutambaa kutoka meza hadi meza.

“Jamani,” sauti ya mwanamke ikasema huko nyuma, “mbona kama hajui kusoma?”

Kicheko kilichofuata kilikuwa kingine. Kilikuwa kile cha Ijumaa, kile cha darasa la tatu, ila sasa kimevaa suti na mikufu. Watu walioalikwa kula na kupendana wakashikana mabega wakimcheka mtu mzima anayetafuta neno, na waliosoma zaidi ndio waliocheka kwa raha zaidi. Wengine waliinua simu wakapiga picha. Mwenye ukumbi alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama Kipaza kama bidhaa iliyopasuka, akageukia wabia wake akiinua mikono, kisha akapitisha kiganja shingoni kumwashiria dijei: kata.

Muziki ukapandishwa. Maiki ikafa mkononi mwa Kipaza. Viti vikasukumwa nyuma, watu wakainuka kucheza, na mjomba wa koti lililochanika akaongoza msafara katikati ya ukumbi.

Kipaza akaitua maiki sakafuni. Akashuka ngazi, karatasi mkono mmoja na dirisha mkono mwingine, akipitia kati ya watu waliomkwepa au kumsukuma na kumcheka usoni, mpaka mbele ya kiti cha magurudumu. Akapiga magoti ya suti yake kwenye zulia lililomwagikiwa soda. Bi harusi akainama ili asikie. Mwalimu alishika mishikio ya kiti kwa nguvu.

“Endelea,” bibi alisema. “Uliishia kwenye kukoroma.”

Akasoma. Ilibidi apige kelele kushinda ngoma, na kila neno lilitoka peke yake, limechoka, kama abiria anayeshuka na mizigo. Kwamba bibi alimchukia babu kwa kule kukoroma, miaka na miaka, mpaka akahamia chumba kingine. Kwamba sasa nyumba iko kimya na yeye hapati usingizi. Kwamba mjukuu akichoka na mumewe, asikimbilie kwa watu. Amsikilize akiwa amelala.

Bi harusi alikuwa analia, rangi za macho zinamshuka mashavuni. Kipaza akashusha karatasi. Kwa mbali aliona mkewe, ambaye hakumtarajia, amesimama karibu na ukuta, mkoba kifuani, na wabia wa mwenye ukumbi wakitoka mlangoni mmoja baada ya mwingine.

“Umeruka neno,” bibi alisema.

“Wapi, bibi?”

“Mstari wa mwisho. Nimeandika ‘kidogo.’ Amsikilize kidogo. Sikusema akeshe.”

Kipaza akafuta jasho kwa mkono wa koti, akalirudisha dirisha juu ya ule mstari, akaanza upya.